Je, Watoto Wetu Wafundishwe Kutengeneza Sinema?

Ndugu msomaji, yamkini swali lililo juu ya makala hii litakuchekesha. Utasema: watoto wa Bagamoyo, wa Zinga na Kerege, wa Mapinga na Bunju, wanasongamana madarasani, hesabu zinawashinda, nawe wataka wafundishwe sinema! Na baadhi ya wazee watakwenda mbali zaidi, waseme kwamba sinema yenyewe ni upuuzi, na mtoto aliyepewa kamera amepewa ufunguo wa ghala la upuuzi. Hoja ya kwanza ni ya nafasi na fedha, nami nitaigusa kwa ufupi tu. Hoja ya pili ni ya maadili, nayo yastahili jibu refu, kwani ndani yake mna ukweli ambao watetezi wa elimu hii hupenda kuupita kimya.

Ukweli wenyewe ni huu: amfundishaye mtoto kutengeneza sinema humfundisha pia, apende asipende, namna ya kudanganya kwa picha.

Yapata miaka mia moja iliyopita, Mrusi mmoja aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha furaha wala huzuni. Akaiunga na picha ya bakuli la supu. Kisha uso uleule akauunga na picha ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu sana mwigizaji yule kwa jinsi alivyoonyesha njaa mbele ya supu na majonzi mbele ya jeneza. Kumbe uso ulikuwa mmoja, haukubadilika hata ukope.

Mwalimu wa Bagamoyo hana haja ya jeneza. Na awachukue wanafunzi wake hadi soko la samaki, pale ufukweni, wakati wa mnada, wapige picha ya uso wa mzee mmoja anayesikiliza bei. Uso huo ukifuatiwa na tenga lililojaa nguru, mzee ana tamaa. Ukifuatiwa na ngalawa iliyopasuka ubavu, mzee amefilisika. Ukifuatiwa na mkono wa dalali unaohesabu noti, mzee anadhulumiwa. Naye mzee wa watu pengine alikuwa akiwaza tu atafikaje nyumbani kabla ya jua kuwa kali. Mtoto aliyeunga vipande hivyo kwa mkono wake mwenyewe ameonja uwezo wa kumsingizia mtu bila ya kutamka neno hata moja.

Basi, je, tumfiche mtoto elimu hiyo? Wako wanaosema ndiyo. Lakini kalamu iandikayo wasia ndiyo hiyo hiyo ighushiyo wasia, wala sijasikia mzazi aliyemwondoa mwanawe darasa la kwanza kwa hofu hiyo. Watu watanijibu kwamba picha si sawa na maandishi, na hapo wamesema kweli. Neno lina msemaji wake. Ukisoma barua, wajua kuna mtu aliyeiandika, na moyo wako huuliza: ni nani huyu, na anataka nini? Picha hujifanya haina msemaji. Humjia mtazamaji kana kwamba ni jicho lake mwenyewe lililoona, na ni nani awezaye kulikanusha jicho lake? Kwa sababu hiyo hiyo, asiyejua sinema hutengenezwa vipi yumo hatarini kuliko asiyejua kusoma. Asiyejua kusoma anajua kwamba hajui.

Nakuomba, ndugu msomaji, tuangalie kisa kimoja kinachoihusu pwani yetu hii.

Mwezi wa Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters alitua Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, akaingia bara hadi Usagara kutafuta alama za machifu juu ya karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Kilichofuata kinajulikana: pwani ikainuka mwaka 1888 chini ya Abushiri na wenziwe, vita vikaunguza Bagamoyo na vijiji vyake, na Abushiri akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Peters naye baadaye, akiwa na madaraka Kilimanjaro, aliwanyonga watu kwa ukatili uliowachukiza hata Wajerumani wenzake, na mwaka 1897 alifukuzwa utumishi.

Mwaka 1941, utawala wa Hitler ulitoa filamu ya kumtukuza mtu huyu. Iliitwa kwa jina lake, na mwigizaji mashuhuri Hans Albers ndiye aliyemwigiza. Mfukuzwa wa mwaka 1897 akageuzwa shujaa aliyeonewa na watu wadogo. Afrika ya filamu hiyo ilibidi ibuniwe huko huko Ulaya, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na vita vilikuwa vikiendelea. Mjerumani aliyeketi gizani katika jumba la sinema aliona miti, jua na watu weusi, akaamini ameiona nchi yetu.

Miongoni mwa watu weusi hao alikuwamo mwana wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe, akiwa angali mtoto, alitumika katika jeshi lao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alihamia Berlin mwaka 1929, akadai mshahara wa utumishi huo asiupate. Akaishi kwa kazi za hotelini, kwa kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, na kwa kuigiza katika filamu. Katika filamu ya Peters alipewa nafasi ya mwongoza njia. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote, na huko akafa Novemba 1944.

Sina la kumlaumu. Alikuwa na mke na watoto, na mwenye njaa hachagui sana mwajiri. Lakini fikiri: filamu ile yaonyesha uso wake, yaonyesha mwendo wake na utii wake kwa bwana wake, nayo haiwezi kusema hata chembe ya yale yaliyompata mikononi mwa utawala uleule uliompiga picha. Sasa mweke mbele ya filamu hiyo kijana wa sekondari wa Bagamoyo ambaye hajapata kushika kamera. Ataona hadithi. Mweke mwenziwe ambaye amewahi kukata na kuunga vipande vya picha. Huyu atauliza: kamera ilisimama wapi? Nani alilipa? Kwa nini huyu mwongoza njia hapewi picha yake peke yake wakati anaposema? Na baada ya kamera kuzimwa alikwenda wapi? Kati ya hao wawili, ni yupi aliyefundishwa upuuzi?

Hata hapa nchini, sinema za kutufundisha zilitangulia kutengenezwa na wengine. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na kituo kilichotengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika juu ya kilimo, afya, na hata faida ya kuweka fedha katika benki ya posta. Waliocheza ni wenyeji, lakini uongozi ulikuwa mikononi mwa Wazungu, na wengi wa watu wa kazi hiyo katika makoloni waliamini kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kufuata picha zinazobadilika upesi.

Ushahidi wao mmoja hupendwa sana kusimuliwa. Mkanada Marshall McLuhan aliutia katika kitabu chake cha mwaka 1962, akiunukuu kutoka kwa John Wilson wa London. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu ya dakika chache juu ya kuondoa maji yaliyotuama, akaionyesha kwa Waafrika. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Waonyeshaji walishangaa, kwani hawakujua kama filamu ina kuku! Ikabidi waikague kipande kwa kipande, na kweli, kuku alikuwamo, kwa muda wa kama sekunde moja, pembeni chini ya picha. Kisa hiki kilitumika kuthibitisha kwamba watazamaji wale hawajui kutazama. Mimi nasema waliotengeneza filamu, wakaitazama tena na tena, wasimwone kuku wao wenyewe, ndio waliohitaji kufundishwa.

Siku hizi vibandani, sauti ya mtafsiri hupandikizwa juu ya filamu ya kigeni, naye hutia mizaha na mawaidha ambayo mwenye filamu hakuyaota. Ni ufundi, nami siudharau. Lakini mtoto aliyefundishwa atajua kwamba anasikiliza watu wawili. Simu nazo zimezidisha mambo: picha hutumwa Bunju ikafika Pangani kabla ya chai kupoa, na nyingine hutungwa na kompyuta bila ya kamera yoyote kuwapo. Tangu mwaka 2015 tunayo sheria ya makosa ya mtandao inayomwadhibu anayesambaza uongo kwa makusudi. Sheria ni jambo jema, lakini yaja baada ya uongo kusambaa.

Waislamu hawapaswi kuiona njia hii kuwa ngeni. Wanazuoni wa Hadithi hawakuridhika na uzuri wa maneno. Waliuliza: nani kapokea kwa nani? Walikutana kweli? Kumbukumbu yake ikoje, na uaminifu wake? Picha iliyoingia simuni yastahili kuulizwa hivyo hivyo, na anayeitengeneza ajue kwamba amejitia katika safu ya mashahidi.

Kuhusu nafasi na fedha: Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho mwaka 2007 kilifanywa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na ufundi wa filamu hufundishwa humo. Walimu hawako mbali. Simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima, kwani kazi kubwa ni kufikiri kabla ya kupiga.

Lakini pana masharti mawili ambayo mimi nisingeyaachilia. Kwanza, mtoto asimpige picha mtu aliye katika udhaifu wake: majeruhi wa ajali barabarani, mlevi, mgonjwa wa akili, mwizi anayepigwa. Tumezoea mno kuona watu wazima wakiinua simu pale walipopaswa kuinua machela, na mtoto hujifunza kwa kutazama. Pili, filamu ionyeshwe kwanza kwa yule aliyepigwa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama anayekaanga samaki sokoni aalikwe, aketi kitini mbele ya darasa, aitazame. Akisema, "Wanangu, mbona mmenikata? Mimi niliendelea kusema," mwalimu asiwatetee wanafunzi wake. Arudishe kipande kizima, wote wasikie mama aliendelea kusema nini.