Mwanamke, Kamera na Haki ya Kunyamaza

Waswahili wana methali mbili zinazovutana. Moja yasema: mficha maradhi kifo humfichua. Nyingine yasema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ya kwanza inamtaka mtu aseme yaliyompata ili apone. Ya pili inamwonya asiyepatwa asijifanye anajua. Nikitafakari nafasi ya mwanamke na filamu katika kujenga upya jamii iliyotoka vitani, najikuta katikati ya methali hizi. Je, ni haki kumwomba mwanamke aliyefiwa na mume na watoto aeleze uchungu wake mbele ya kamera, ili sisi wengine tujifunze amani?

Wapo wanaojibu ndiyo, nao wana hoja nzito. Tuchukue mfano wa Liberia. Mwaka 2003, nchi ikiwa bado vitani, wanawake Wakristo na Waislamu walivaa nguo nyeupe wakaketi pamoja jijini Monrovia, siku baada ya siku, wakidai amani. Baadaye baadhi yao walikwenda Accra, Ghana, wakaziba njia ya kutoka katika ukumbi wa mazungumzo ili wajumbe wasiondoke bila kuafikiana. Mkataba ulitiwa saini Agosti mwaka huohuo. Lakini kamera nyingi za wanahabari zilikuwa zimeelekezwa kwa vijana wenye bunduki. Filamu ya Pray the Devil Back to Hell, iliyoongozwa na Gini Reticker na kutolewa mwaka 2008, iliwarudisha wanawake hao mahali pao katika historia. Hapa filamu ilitenda haki, kwa kuwa ilimwonyesha mwanamke kama mtendaji, si mwathiriwa tu.

Hata hivyo, si kila mwanamke ana ushindi wa kusimulia. Hapa kwetu Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kesi karibu milioni 2 zilisikilizwa katika mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012. Mwongozaji Anne Aghion alirudi mara nyingi katika kilima kimoja, kwa takriban miaka kumi, akitengeneza filamu ya My Neighbor, My Killer iliyotoka mwaka 2009. Ndani yake tunawasikia wanawake waliofiwa wakisema wazi jinsi ilivyo vigumu kuishi tena jirani na waliowaua jamaa zao. Hawalazimishwi kutabasamu wala kukumbatiana na mtu ili filamu iishe vizuri.

Niliposifu jambo hilo darasani, mwenzangu mmoja aliniuliza: "Kama mama huyu hasamehi, jamii itajengwaje?" Swali lake si dogo. Sisi tuliozaliwa baada ya 1994 tunatamani kuishi bila chuki, na tukiona msamaha kwenye skrini tunapata faraja. Tena, ukimya nao una hatari yake: wanaokana yaliyotokea huujaza kwa uongo.

Jibu langu ni kwamba tusichanganye ukweli na msamaha. Jamii inahitaji ukweli: nani aliuawa, wapi, na mwili wake uko wapi. Lakini anayedaiwa maneno hayo kwanza ni aliyetenda, si aliyetendwa. Msamaha ni zawadi, na zawadi inayodaiwa hadharani hugeuka kodi. Tukimshinikiza mjane asamehe mbele ya kamera, tunamtwisha mzigo wa kututuliza sisi, yeye ambaye hajatulizwa na mtu.

Kwa hiyo naona kwamba filamu husaidia kuijenga jamii pale inapomwachia mwanamke uamuzi: aseme au anyamaze, asamehe au asisamehe, na aione filamu kabla ya wageni kuiona, akiwa na uwezo wa kusema, "Hapa ondoeni." Huenda filamu za namna hiyo zikawa chache, tena zisizotufariji haraka. Lakini jamii iliyokwisha kumnyang'anya mwanamke watu wake haiwezi kuanza ujenzi kwa kumnyang'anya na neno lake.