Je, Picha ya Kitabu Yaweza Kusema Uongo?

Twapenda kuwaletea swali tuliloulizwa na mtoto hapa Likasi, baada ya mafundisho ya Jumamosi. Alishika kitabu chenye picha ya jua, dunia na mwezi katika ukurasa mmoja. Akatazama sana, akasema: "Mwalimu, jua hili ni dogo kuliko kichwa changu. Mbona kitabu kinadanganya?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tukatwaa chungwa, tukaliweka mlangoni mwa kanisa. Tukawaambia watoto: ikiwa jua ni chungwa hili, dunia yetu ni chembe ya mchanga, nayo yakaa mbali karibu meta 8. Mwezi ni kivumbi tu, umbali wa upana wa kidole kutoka kwa chembe ile. Na nyota zilizo jirani ya jua? Ziko kilometa 2,000 kutoka hapa. Ndege iendayo Kinshasa ingetua kabla ya kuzifikia. Watoto walicheka, kisha wakanyamaza. Hakuna karatasi iwezayo kubeba picha hiyo kwa vipimo vyake.

Basi, mchoraji alisema uongo? Mtakatifu Augustino afundisha ya kuwa uongo hukaa katika nia ya kudanganya. Mchoraji hana nia hiyo. Amevisogeza vitu ili jicho livione pamoja. Sisi makatekista twalijua jambo hili tangu zamani, maana twaonyesha picha ya Mungu Baba mwenye ndevu nyeupe, na hakosi mtoto wa kuuliza ni nani anayemnyoa. Kosa si la picha. Ni la mkubwa ampaye mtoto kitabu, kisha akaenda zake.

Lakini iko picha nyingine, nzuri kabisa, inayotutia mashaka zaidi. Mwaka 1953 Mbelgiji Hergé alitoa kitabu Objectif Lune, na mwaka 1954 kile cha pili, On a marché sur la Lune. Humo Tintin afika mwezini, miaka 15 kabla ya watu kutua huko kweli mwaka 1969. Twavipenda vitabu hivi, wala hatuoni haya kusema. Mtoto ajifunza humo kwa nini mtu huwa mwepesi akiwa mwezini. Ila roketi ile yaenda kwa nguvu ya atomu, na urani yapatikana katika milima ya Syldavia, nchi isiyokuwako. Urani ya Wabelgiji yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka Shinkolobwe, karibu na mji wetu huu, ulipoitwa bado Jadotville. Na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa huko.

Hergé alitunga hadithi, hatumshitaki. Lakini sisi tunaowasomea watoto wa Likasi, je, tuna ruhusa ya kunyamaza? Wazazi wengine hutuambia: "Msiwatishe." Twawaheshimu, bali hatukubaliani nao. Watu waliendelea kuchimba Shinkolobwe kwa mikono hata mwaka 2004, machimbo yalipoporomoka na kuua. Jiwe la urani latoa mionzi isiyoonekana wala kunuka, nayo huudhuru mwili polepole. Kumwonyesha mtoto wa hapa atomu kama mpira mdogo wa rangi, na kuficha habari ya jiwe, hapo nia ipo. Tumwambie pia kwamba kinu cha atomu cha kwanza katika Afrika kilianza kazi mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa wa leo, chini ya mkuu wake Luc Gillon, padri na mwanafizikia.

Tulipowaeleza haya, mtoto mmoja alirudi nyumbani akatoa nje mawe ya babu yake, ya manjano na kijani, yaliyokaa miaka mingi juu ya kabati. Mzee alikasirika mno. Tulikwenda kumwamkia, tukaketi naye mpaka jioni, tukamweleza taratibu kwa nini mawe yasirudi ndani. Alisikiliza. Kisha akaomba kitabu, akafungua ukurasa mmoja mmoja, akatuuliza kama mna picha ya jiwe lake. Hamna.