Ahadi kwa Asiyesema

Mwenye kutaka kumfunza mbwa kutoa mkono huanza kwa kufumba kiganja. Ndani yake hutia kipande cha nyama, akakiteremsha kiganja hicho mbele ya pua ya mnyama, akanyamaza. Mbwa hunusa, hulamba, husukuma kwa pua, na yote hayo hayamletei kitu. Mwisho, subira ikimwishia, huinua mguu wake wa mbele akakiparura kiganja. Papo hapo ngumi hufunguka. Hilo likikariri mara kumi, mara ishirini, mbwa huacha kunusa na kulamba akaanza moja kwa moja na mguu. Hapo ndipo hutiwa neno, liwe la Kijerumani au la Kiswahili, maana kwake yote ni sauti. Na siku chache baadaye neno hilo na kiganja kilichokunjuliwa hutosha.

Nyumba za mwambao hazina mazoea ya mchezo huu. Mafundisho ya Kishafii, yaliyoenea pwani, humhesabu mbwa kuwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wa pwani aghalabu ni wa shamba, wa ulinzi au wa mitaani, na mbwa wa kulala zuliani husikika kuwa ni habari ya Vienna au Chicago. Lakini swali lililomo ndani ya ngumi ile halizuiwi na bahari. Mtu akimfunza kiumbe asiyeweza kusema, asiyeweza kudai wala kushtaki, amejifunga kwake kwa lipi?

Wapo wajibuo kwamba lililo bora ni kutomfunza kabisa. Kumtaka mnyama atoe mkono, wasema, ni kumfanya kikaragosi cha wageni wa jioni, na heshima ya mnyama ni kuachwa alivyo. Hoja hii hupendeza ikitazamwa kwa mbali. Mbwa hajawahi kuwa "alivyo" bila ya binadamu: ametokana na mbwamwitu wa kale, na maelfu ya miaka ya kukaa karibu na moto wa watu ndiyo yaliyomfanya kuwa mbwa. Kumwacha bila ya fundisho lolote, amefungwa uani tangu alfajiri hadi usiku, si kumheshimu bali ni kumsahau. Ila ipo tofauti ambayo wenye hoja hii wameiona na wanaowacheka hawajaiona. Kuinua mguu wa mbele ni mali ya mbwa mwenyewe. Mtoto wa mbwa hulikanda titi la mama yake kwa miguu hiyo, na akiwa mkubwa huiinua akitaka mchezo. Mwalimu hakukizua kitendo; amekikuta, akakipa jina. Kutembezwa kwa miguu miwili ua mzima, kwa mgongo usioumbiwa hilo, na wageni wakicheka, ni jambo jingine, na anayelifunza hana budi kujiuliza ni nani anayecheza na ni nani anayechezewa.

Sharia ya Kiislamu, inayodhaniwa na wengi kuwa haina neno jema kwa mbwa, imeutazama ufundishaji wake kwa uzito mkubwa. Aya ya nne ya Surat al-Maida imehalalisha windo la wanyama waliofunzwa, na imelitaja fundisho hilo kuwa ni katika elimu ambayo binadamu mwenyewe amefunzwa na Mola wake. Mafakihi wakaweka masharti: atumwapo aende, akatazwapo asimame, asile katika alichokikamata, na hayo yakariri hata ijulikane kuwa ni tabia, si bahati. Ibn al-Qayyim, katika karne ya 14, aliona humo jambo la kustaajabisha, kwamba elimu imetenga mbwa na mbwa: alichokiua mjuzi kikawa chakula, alichokiua mjinga kikawa mzoga. Meno ni yale yale.

Mbwa wa kuwinda, hata hivyo, huijua kazi yake kwa pua. Windo liko pale, linakimbia. Mbwa wa sebuleni hana windo. Alicho nacho ni neno la mwalimu tu.

Mwaka 1951 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika katika jarida la Scientific American namna mtu wa kawaida awezavyo kumfunza mbwa nyumbani kwake. Shida kubwa ni wakati. Chakula kikichelewa hata kidogo, mbwa ameshageuka, ameshajikuna, na hicho alichokifanya mwisho ndicho atakachodhani amelipwa kwacho. Skinner akapendekeza kidude cha watoto cha kubonyeza, kinacholia kama nyenje. Kwanza hulizwa na chakula kikafuata, tena na tena, mpaka mbwa akiisikia sauti ile tu huwa kama ameshakula. Kisha sauti hulizwa papo hapo kitendo kinapotokea, na chakula hufika kwa wakati wake. Kwa njia hiyo hiyo panya buku hufunzwa huko Morogoro kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini: sauti fupi, halafu kipande cha ndizi.

Sauti ile ni nini, kama si ahadi? Skinner asingelipenda neno hilo. Kwake yeye palikuwa na kichocheo na malipo, na mambo ya nafsi aliyaweka kando. Lakini katika maelezo yake mwenyewe kazi nzima imesimama juu ya uaminifu wa mkono mmoja. Kidude kikilia mara nyingi na chakula kisifike, sauti hurudi kuwa kelele, na mbwa huenda zake.

Katika madarasa ya dini husimuliwa kisa cha mwanachuoni wa hadithi, na baadhi humtaja Imam Bukhari, aliyesafiri masafa marefu ili apokee hadithi kwa mtu mmoja. Alipofika alimkuta mtu huyo akimwita farasi wake aliyemponyoka, naye ameukunja upindo wa kanzu yake kana kwamba umebeba shayiri. Farasi akaja, akakamatwa. Mgeni akauliza kama ndani ya upindo mlikuwa na shayiri. Akaambiwa hamkuwa na kitu. Mwanachuoni akageuza njia akarudi kwao, asichukue neno lolote kwa mwenye kumwongopea mnyama. Kisa chenyewe hakina isnadi ya kutegemewa, na ni ajabu kidogo kwamba hadithi ya kuchunga ukweli kiasi hicho imefika hapa bila ya mdhamini. Kilichobakia ndani yake ni sahihi hata hivyo. Farasi hakuongopewa kwa maneno, wala hajui maneno. Aliongopewa kwa umbo la nguo, kwa sababu umbo lile aliwahi kulikuta na shayiri ndani yake. Ambaye hakuwahi kutimiziwa hawezi kuhadaiwa.

Kwa kipimo hicho, mchezo unaopendwa katika bustani nyingi za Ulaya, wa kujifanya umerusha mpira ilhali umeuficha nyuma ya mgongo, ni mbaya kuliko unavyoonekana. Mbwa hukimbia, huzunguka nyasini, hurudi kumtazama bwana wake usoni. Watu hucheka. Hajaumia popote, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa hakuna kilichovunjika.

Gumu zaidi ni hili. Wafunzaji hodari hawalipi kila mara. Mbwa akishalijua neno, hulipwa mara moja kati ya mbili, kisha moja kati ya tano, bila ya utaratibu awezao kuukisia, na kitendo huzidi kushika mizizi. Ferster na Skinner waliyachapa matokeo ya namna hii mwaka 1957, na njiwa wao waliendelea kudonoa kwa maelfu. Ndiyo siri ya mashine za kamari. Je, huko ni kuvunja ahadi? Ikiwa malipo hupungua lakini hayakomi, na mahali pake pameingia mkono wa kupapasa na sauti ya furaha, basi mapatano yamebadilika kama yanavyobadilika baina ya watu waliozoeana, ambao hawahesabiani kila kikombe cha chai. Ikiwa hupungua kwa sababu tu mwalimu amegundua kwamba mbwa ataendelea bila ya kulipwa, hilo lina jina lake, na wenye kuajiri watu hulijua.

Mwishoni mwa 2008 Friederike Range na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vienna walichapisha jaribio walilolifanya kwa mchezo huu huu wa kutoa mkono. Waliwachukua mbwa wanaojuana, tayari wamefunzwa, wakawakalisha wawili wawili, na kila mmoja akaombwa mkono kwa zamu. Walipolipwa wote, walitoa. Mmoja alipopewa mkate na mwenzake soseji, walitoa vile vile, mwenye mkate asijali. Lakini mmoja alipolipwa na wa pili asipate kitu, huyu wa pili alianza kusita. Alihitaji kuombwa tena na tena. Alilamba midomo, akajikuna, akapiga miayo, akaepusha macho. Kisha akakataa.

Waliosoma habari hizo walifurahi kwamba mbwa ana chembe ya insafu, na wengi wakaishia hapo. Mwaka 2017 Range, pamoja na Jennifer Essler na Sarah Marshall-Pescini, walitoa matokeo mengine kutoka Ernstbrunn, nje ya Vienna, wanakofugwa mbwamwitu na mbwa waishio kwa makundi yao wenyewe. Hao nao waligoma walipoona mwenzao analipwa peke yake. Waligoma pia walipoona mwenzao amepewa kilicho kitamu zaidi. Yaani lile la mkate na soseji, ambalo mbwa wa nyumbani alilistahamili, wenzake wa kundini hawakulistahamili. Watafiti wakaona kwamba hisia hiyo haikuletwa na binadamu; huenda kukaa naye ndiko kulikoipunguza makali.

Basi yule aliyefumba kiganja jioni moja, akingoja mguu uinuke, alifunza zaidi ya alilokusudia. Pamoja na kutoa mkono, mwanafunzi wake amejifunza kutotazama sana bakuli la jirani.

Katika jaribio la Vienna palikuwa na sehemu nyingine. Mwenzake aliondolewa, na mbwa akaombwa mkono akiwa peke yake, bila ya malipo yoyote. Hakuwa na wa kujilinganisha naye, na alitoa mkono mara nyingi zaidi kabla ya kuacha. Nyumba nyingi huwa na mbwa mmoja tu.