Mficha Uchi Hazai: Kijana, Ifuate Shahada Yako

Mdogo wangu uliyemaliza kidato cha sita, umefaulu lakini nyumbani hakuna wa kulipa ada, nakuandikia wewe. Moyo unakuambia chuo kikuu ni cha watoto wa wenye nazo, uridhike na kibarua. Usiusikilize! Njia ya mtoto wa maskini kusoma ipo, ila haimfuati aliyekaa kimya.

Anza kwa kuivua aibu. Fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hapa Tanzania hutaka kujua kama wewe ni yatima, kama kaya yenu inanufaika na TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, kama sekondari ulisomeshwa na mfadhili. Wapo wanaoyaruka maswali hayo kwa kuona haya, wakakosa mkopo walioustahili. Mficha uchi hazai. Shida ya kwenu haikupunguzii utu, na mbele ya Bodi ndiyo hoja yako. Iseme yote, bila kuongeza wala kupunguza.

Kisha ithibitishe. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Baba alifariki, akazikwa kijijini, matanga yakaisha, hakuna aliyekumbuka cheti cha kifo. Kijiji kizima kinajua binti yule ni yatima, lakini kwenye mfumo hana ushahidi. Mwingine jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa limepishana herufi moja na la kidato cha nne. Mambo haya hayarekebishiki usiku wa mwisho pale steshenari, foleni ndefu na mtandao umegoma. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili, mdhamini apatikane mapema, saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji vifuatwe mapema. Mwongozo wa Bodi hutoka kila mwaka. Usome mwenyewe, usitegemee ya kuambiwa.

Ukiyafanya hayo, milango ni zaidi ya mmoja. Bodi imekuwa ikikopesha tangu mwaka 2005, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mwaka huohuo ilianza Samia Skolashipu, inayowasomesha waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, na hiyo si mkopo. Nje ya mipaka yetu kuna ufadhili wa Mastercard Foundation, ulioanza 2012, unaowapeleka vijana wenye vipaji na wasio na uwezo katika vyuo kama Makerere na Ashesi ya Ghana.

Mkopo ni deni, usijidanganye. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Lipa kwa moyo mweupe, maana marejesho yako ndiyo yatakayomsomesha mwingine.

Na msaada usipotosha, usione haya kuchangiwa. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, aliwasafirisha vijana 81 kwenda kusoma Marekani. Vyuo vilitoa nafasi na ufadhili, lakini nyumbani ndugu na majirani walichangishana ili vijana wao wasiende mikono mitupu. Mwaka uliofuata, katika safari hizohizo, aliondoka msichana wa Nyeri, Wangari Maathai. Mwaka 1971 alikuwa daktari wa falsafa, na 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kutunukiwa Nobeli ya Amani. Harambee ya majirani si sadaka ya kukudhalilisha. Ni deni la heshima, nawe utalilipa kwa kufaulu.

Ukinyimwa, kata rufaa dirisha likifunguliwa. Ukipata pungufu, nenda na hicho ulichopata huku ukitafuta cha kujazia. Ukishaingia chuoni, soma kwelikweli, kwa sababu ufadhili huponzwa na uzembe kuliko umaskini.

Nanyi mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mwalimu: kijana akija na fomu yake, msimzungushe kwa “njoo kesho”. Muhuri wenu unaweza kumtoa mtu shimoni.

Basi inuka, mdogo wangu. Leo hii toa vyeti vyako sandukuni, linganisha majina herufi kwa herufi, andika kinachokosekana, na kesho asubuhi anza kukifuata. Shahada hiyo ni haki yako kuitafuta. Nenda kaichukue!