Subira ya Nani?

Ustadhi wa chuo cha mtaani kwetu alisimama baada ya swala ya Isha akaiuliza kamati ya msikiti habari ya posho yake. Hajaipata tangu Mfungo Sita, nasi tumeshaingia Rajabu. Aliuliza kwa sauti ya chini, macho kwenye mkeka. Siku zile zile mafundi walikuwa wakimalizia kubandika marumaru ukumbini, na wao hawakukosa ujira wao hata Ijumaa moja. Mzee mmoja wa kamati akamjibu, "Ustadhi, subira. Nabii Ayyub alipewa mtihani mkubwa kuliko huu wako, na hakulalamika." Vichwa vikatikiswa kukubali. Kikao kikafungwa kwa Wal-Asri kama ilivyo ada, watu wakaenda zao kula.

Maana ya subira haina haja ya kutuchelewesha. Wanazuoni wameigawa mafungu matatu, na watoto anaowasomesha ustadhi huyo wanayajua kwa moyo: kusubiri katika kutii, kusubiri usiingie katika maasia, na kusubiri msiba unapokufika. Sina ugomvi na hata moja. Ugomvi wangu ni na mtu aliyekalia haki ya mwenziwe, kisha akamsomea mwenye haki fadhila za kusubiri.

Na kinachonikera zaidi ni hilo neno "hakulalamika". Limesemwa sana juu ya mimbari na kwenye matanga hata limekuwa kama aya. Fungua Surat Saad. Aya ya 44 ndiyo inayomsifu Ayyub kwa subira. Rudi nyuma aya tatu tu, utamkuta Ayyub huyo huyo akimlilia Mola wake kuwa Shetani amemgusa kwa taabu na adhabu. Katika Surat Al-Anbiyaa analia tena kuwa madhara yamempata. Kilio na sifa vimewekwa pamoja, na Mwenyezi Mungu hakuona haya kuviweka hivyo. Yaqub naye aliahidi subira njema siku alipoletewa kanzu ya Yusuf yenye damu, akaiahidi tena alipompoteza mtoto wa pili. Na baina ya ahadi na mwisho wa kisa alilia mpaka macho yakawa meupe. Waliomlaumu kwa kulia ni wanawe, wale wale waliomtia ndugu yao kisimani. Msomaji na aliangalie hilo vizuri: aliyeudhika na malalamiko ndiye aliyeyasababisha.

Nilipoyasema haya barazani, nilijibiwa haraka: "Lakini hao walimlalamikia Mungu. Ustadhi amewalalamikia watu." Jibu hili linapendeza sikioni, na ndilo linalonikosesha usingizi, kwa kuwa wanaolitoa wanajua kusoma. Khawla bint Tha'laba alipotamkiwa na mumewe maneno ya kijahilia ya kumfananisha na mgongo wa mama yake, hakubaki ndani kwake na tasbihi. Alikwenda kwa Mtume akajadiliana naye uso kwa uso, akiwa anamshitakia Mungu papo hapo. Kilichoteremka ni sura iliyopewa jina la mjadala wake, na mwanzo wake ni kwamba Mungu amemsikia. Surat An-Nisaa, aya ya 148, inasema kuwa Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha inamtoa mmoja katika katazo hilo: aliyedhulumiwa. Ustadhi hata maneno mabaya hakuwa nayo. Aliuliza tu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kwamba subira yenyewe ina hukumu mbalimbali, na kwamba ipo iliyo haramu. Mfano wake ni mtu anayekatwa mkono, au anayeona mkono wa mwanawe ukikatwa, naye amenyamaza kimya. Sijapata kuisikia sehemu hiyo ikisomwa katika darsa zetu za Ramadhani.

Halafu kuna suala la deni. Kurani inapomtaka mdai asubiri, katika Al-Baqara 280, inasema habari ya mdaiwa aliye katika dhiki, mpaka apate wepesi. Mdaiwa mwenye uwezo ana hukumu nyingine: Bukhari na Muslim wamepokea kuwa kuchelewesha kwake ni dhuluma. Kamati inayonunua marumaru iko upande gani?

Nakubali kuwa iko misiba isiyo na wa kudaiwa, kama kifo na maradhi, na huko maneno yangu hayafiki. Nakubali pia kuwa Surat Ash-Shura inampa daraja kubwa anayesubiri na kusamehe. Lakini msamaha hutolewa na mwenye haki, hauagizwi na mwenye deni.

Kila nikifikiri habari ya subira, mawazo hunipeleka kwa Musa na Khidhri, kisa nilichokipenda tangu nikiwa chuoni. Musa aliambiwa mapema kuwa hataweza kusubiri, na sababu akapewa: atasubiri vipi juu ya jambo asilolijua undani wake? Kumbe subira ina njaa ya elimu. Na tazama yaliyomshinda. Jahazi la maskini wafanyao kazi baharini linatobolewa, anasema. Kijana anauawa, anasema. Wanafika mji uliowanyima chakula, Khidhri anausimamisha ukuta uliotaka kuanguka, na Musa anasema neno la tatu, ambalo ndilo la kuwatenganisha: ungetaka ungechukua ujira. Ujira! Nabii mkubwa kiasi kile, subira yake iliishia kwenye malipo ya kazi.

Siwezi kukifanya kisa hiki kuwa wakili wangu, maana imepokewa kwa Bukhari kuwa Mtume alitamani Musa angesubiri, tupate kusimuliwa zaidi ya mambo yao. Hadithi hiyo inanibana. Inasema kuwa ukimya una faida ambayo mwulizaji huikosa, na huenda ustadhi anaiona faida hiyo mimi siioni. Sina pa kupitia hapo. Ninaloliona ni kuwa Khidhri alikuwa amepewa elimu kutoka kwa Mola wake, na hata hivyo hakuondoka na siri zake. Kabla ya kuachana alimkalisha Musa akamweleza yote matatu, la jahazi, la kijana, na la ukuta: chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili.