Kura ya kumtaja muuaji: Ni shura au ni ramli?

Mwezi Machi 2009, serikali ya Rais Jakaya Kikwete iliwaita wananchi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, kupiga kura ya aina yake. Haikuwa kura ya kumchagua diwani wala mbunge. Mwananchi alipewa karatasi aandike kwa siri majina ya anaowashuku kuwaua ndugu zetu wenye ualbino, kisha aitumbukize kwenye sanduku.

Hali ilikuwa mbaya. Watu walikatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri kwenye migodi ya dhahabu na katika uvuvi. Serikali ililazimika kufanya jambo, na kuwashirikisha wananchi katika usalama wao ni jambo jema.

Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari moja mkoani Geita. Tufikapo kwenye mada ya shura, huwauliza wanafunzi: Je, kura ile ilikuwa shura?

Kwa hakika shura ni amri. Surat Ash-Shura, aya ya 38, inaitaja kuwa sifa ya waumini. Lakini tuangalie nini kilishauriwa. Kabla ya vita vya Uhud, Mtume (s.a.w) aliwauliza maswahaba wake: tubaki Madina au tutoke? Waliulizwa hadharani juu ya jambo la kufanya. Hawakuulizwa nani mwenye hatia. Hatia haipigiwi kura, bali anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Na Surat Al-Hujurat inatutaka tuhakikishe habari tuletewayo (aya ya 6) na tujiepushe na dhana nyingi (aya ya 12).

Ndugu msomaji, hapa Usukumani tunajua dhana inavyoua. Vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo umetokana na kupikia kuni na vinyesi vya ng'ombe miaka yote. Mganga wa ramli hutaja jina na hatoi ushahidi. Lau lingewekwa sanduku kijijini kuuliza nani mchawi, bibi yule angepata kura zote. Je, wingi wa karatasi ungemfanya awe mchawi?

Wapo watakaosema: Shahidi anamwogopa jirani yake, siri ndiyo kinga yake. Hoja hii ina nguvu. Aliyemwona muuaji usiku hawezi kusimama mkutanoni akamtaja, kisha akalale nyumba ya pili yake. Lakini siri inayomkinga mkweli ndiyo hiyohiyo inayomkinga mwenye chuki, mdaiwa asiyetaka kulipa na ndugu anayegombea shamba. Kwa hiyo siri ibaki, ila swali libadilike. Asiulizwe "unamshuku nani?" bali "umeona nini, wapi, lini?" Jina tupu halichunguziki, lakini habari ya alichokiona mtu huchunguzika.

Tukumbuke pia yaliyotokea katikati ya miaka ya 1970. Mauaji ya washukiwa wa uchawi yalipozidi Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilikamata watu wengi, na baadhi yao wakafia mikononi mwao kwa mateso. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili hiyo. Nia ya operesheni ilikuwa kuokoa roho za watu, lakini haraka ya kupata wahalifu ikaleta dhulma nyingine.

Kinyume chake, Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa Bukombe. Kesi ile iliendeshwa kwa ushahidi mbele ya jaji, si kwa kuhesabu karatasi.

Leo mitaani kwetu bado tunaitwa kwenye mikutano ya ulinzi shirikishi, na bado masanduku huwekwa. Tuhudhurie, tusiwaachie wengine. Tushauriane taa ziwekwe wapi, doria ifanyikeje, na nani amsindikize shuleni mtoto mwenye ualbino. Likija suala la kutaja watu, Muislamu aandike alichokiona kwa macho yake, na akiwa hana, karatasi yake ibaki nyeupe. Na aliyeona akanyamaza ajue kwamba kuficha ushahidi nako ni dhambi.

Wallahu a'lam.