Siku Kumi na Sahani Moja

Somo: Danieli 1:8–16

Waliokuwa kwa ibada ya pili walinisikia nikikiri jambo hili pale madhabahuni. Nimeombwa niliandike, ili hata waliobaki nyumbani walisome polepole.

Mimi nina ugonjwa wa sukari. Nilipimwa mwaka jana nikiwa na miaka 34, na kwa miezi saba hakuna aliyejua hapa kanisani isipokuwa Pasta Mkuu na mama watoto. Niliona aibu. Nitawawekeaje wagonjwa mikono leo, halafu kesho nionekane kwa foleni ya kliniki ya sukari pale Russia? Nikaficha kadi ndani ya Biblia.

Sasa, mnajua kazi ya pasta msaidizi ni kutembelea watu. Na Nyalenda huwezi kumtembelea mtu ukatoka hujala. Unaletewa kuon imesimama kama kichuguu, samaki wa Dunga kando, na mboga kidogo tu ya kuisindikiza. Siku moja mama mmoja mzee, ambaye namwita Dani kwa heshima, alinipakulia hivyo. Nikamega mara mbili, nikanawa mikono. Akaniangalia. "Pasta, kwani nimekukosea?" Nikarudi mezani nikala yote. Nikaenda nyumba ya pili, nikala tena. Usiku huo mashine ilisoma 17.2.

Danieli naye alikuwa kwa meza ya mtu. Yeye na wenzake watatu walikuwa mateka Babeli, na chakula kilitoka jikoni kwa mfalme Nebukadneza. Sitapindisha Neno: Danieli hakuwa na sukari, alikataa ili asijitie unajisi. Lakini angalia alivyokataa. Hakutukana mpishi. Mkubwa wa kwanza aliogopa kukatwa kichwa, basi Danieli akaenda kwa msimamizi, akaomba kwa adabu: tujaribu siku kumi, halafu utulinganishe na wengine, wewe mwenyewe uamue. Mimi nilisomea biashara, na hapo ndipo nilipompenda huyu kijana. Alitaja muda. Alitaja kipimo. Na ukaguzi akamwachia mtu mwingine.

(Ndugu mmoja alinishika mlangoni: "Pasta, Union Version inasema mtama, si mboga!" Ni kweli kabisa. Tafsiri nyingine zinasema mboga, na neno la Kiebrania linahusu vitu vinavyopandwa, vya mbegu. Kwa hiyo tusiugeuze mstari huo kuwa menyu. Na mtama, ndugu yangu, kwa mwenye sukari bado ni wanga.)

Hapo kwa wanga ndipo wengi wetu tunaanguka. Tukiambiwa tuna sukari tunaacha soda na chai tamu, halafu jioni tunamega ugali kama jana. Kwani ugali una sukari? Kwa ulimi hauna. Lakini ugali, wali, chapati, viazi na muhogo vikifika tumboni vinavunjwa vinakuwa glukosi, na glukosi inaingia kwenye damu. Hata ile nyuka tunayompelekea mgonjwa kwa upendo ni hivyo hivyo, tena tumeitia sukari juu. Wengine wanasema, "Mimi nakula ugali mweusi wa wimbi." Ni mzuri kuliko sembe nyeupe, lakini ukila kichuguu kizima, rangi haitakuokoa.

Mboga ni hesabu nyingine. Osuga, dek, boo, apoth, sukuma na kabichi zina wanga kidogo sana. Zina maji na nyuzinyuzi, zinajaza tumbo bila kuijaza damu. Zamani watu walizidharau, wakaziita chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha hapa Maseno, ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi za kienyeji, na leo zinatafutwa hata na wenye magari pale Kibuye.

Lakini nisikilizeni kosa langu. Niliposoma Danieli nikawaka moto. Nikaacha wanga wote siku moja, nikabaki na mboga na samaki, na sikumwambia mtu wa kliniki. Wakati huo nilikuwa nameza vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, kiasi kile kile cha zamani. Jumatano, katikati ya maombi, nikaanza kutokwa na jasho. Mikono ikatetemeka, maneno yakagongana. Watu wakapiga kelele kwamba Roho ameshuka! Kumbe kilichoshuka ni sukari. Dada mmoja wa kwaya ambaye ni muuguzi ndiye aliyeelewa, akanikalisha na kuninywesha soda, ile ile ninayowakataza. Nilipopimwa ilikuwa 3.1. Wapendwa, sukari ikishuka hivyo mtu anaweza kuzimia, hata kufa.

Kwa hiyo ukitaka kupunguza wanga na unameza dawa, au unadungwa insulini, mwambie daktari kwanza, huenda dawa nayo ikapunguzwa. Na usiitupe wewe mwenyewe. Wiki ya kufunga pia ni hivyo hivyo. Nimeongea na Pasta Mkuu: hakuna atakayeitwa mlegevu wa imani kwa sababu daktari wake amemkataza kufunga. Danieli alikuwa na msimamizi wa kumwangalia. Mimi nilijifanya msimamizi wangu mwenyewe.

Kliniki walinipunguzia vidonge, wakanichorea duara kwenye karatasi. Nusu ya sahani ni mboga. Robo ni samaki, omena, maharagwe au mayai. Robo iliyobaki ndiyo ugali, kama ngumi yangu, basi.

Najua mnachowaza, kwa sababu hata sisi kwetu tulipiga hesabu hiyo. Pakiti ya unga ya kilo 2 inashibisha nyumba nzima. Osuga unanunua mafungu matatu, ikipikwa inakuwa kiganja. Nani ana pesa hizo? Sisi tulianzia kwa mandazi na soda za kila siku, pesa hizo zikaenda kwa mboga. Mama watoto huongeza kabichi ndani ya osuga ili sufuria ijae. Nyuma ya nyumba amepanda sukuma kwa magunia mawili. Wiki ya kwanza nililala na njaa, sitawadanganya. Omena ndiyo ilinisaidia, kwa sababu mboga peke yake saa nne usiku imeshakuacha.

Kisha nikafanya siku kumi sawasawa, nikipima saa mbili baada ya chakula cha jioni na kuandika kwa daftari. Siku ya kwanza 13.8. Siku ya tano 10.4. Siku ya sita 15.0: nilikuwa kwa matanga Ahero, na wali wa Ahero mnaujua. Siku ya kumi 9.2. Daftari liko ofisini, anayetaka aje alikague. Sijasema nimepona. Namwomba Mungu aniponye kabisa, na asubuhi bado nameza dawa.

Kilichobaki kilikuwa Dani. Nilirudi kwake Alhamisi, nikamwonyesha kadi ya kliniki na ule mchoro wa duara. Nikamwomba radhi kwa kumficha. Alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba yeye pia anayo, mwaka wa nne sasa, na alikuwa akila ugali mwingi wageni wakija ili wasijue. Tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Akaenda jikoni akapakua upya. Osuga nusu sahani, kuon kama ngumi, na samaki mzima. "Ugali nimekusamehe," akasema. "Lakini huyo samaki utammaliza, pamoja na kichwa."

Nikammaliza.